Mbuzi Aliyeshiba

Kila nikipita mashineni, harufu ya pumba za mahindi hunirudisha kwenye banda la mbuzi la bibi. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa kipenzi chake, na mapenzi hayo yakamfikia hata mbuzi wake: baada ya mavuno alimwagiwa pumba zote, wangu akaachiwa nyasi. Asubuhi moja yule mnene akakutwa amekufa, tumbo limevimba.

"Ni kijicho chako hicho!" bibi akanifokea.

Kijicho nilikuwa nacho, tena tele. Lakini bwana mifugo, aliyeitwa kumkagua, akatikisa kichwa.

"Hapana, bibi. Pumba nyingi za ghafla huleta sumu tumboni. Hufa yule aliyeshiba."

Bibi akamkumbatia mdogo wangu.

"Nyamaza, mjukuu wangu. Utamchukua huyu aliyebaki."

Aliyebaki alikuwa wangu.