Binamu Aliyeimba Peke Yake

Mwanangu Ismaily aliniua redioni, tena asubuhi, mimi niko jikoni nakatakata mchicha. Kaimba kwamba mama yake kachukuliwa na mafuriko, gitaa linalia nyuma yake, na mtangazaji naye akadakia, poleni sana wafiwa. Pole ya nini? Mimi Mwajabu niko hapa hapa Mchukwi, mzima wa afya, magoti tu ndiyo yananisumbua. Siku ileile rafiki yangu Mwanamina akaja kutoka Ikwiriri, analia kwa sauti tangu barabarani. Kanikuta mlangoni na kisu changu mkononi, akapiga ukelele akataka kukimbia. Nikamwambia kaa chini mwenzangu, unywe chai, mzimu gani unapika mchicha?

Nikisimulia hapo watu hucheka, na mimi hucheka nao. Lakini wimbo ule haukuwa wa Ismaily, na msiba ule haukuwa wangu. Ulikuwa wa Warda.

Warda ni mtoto wa kaka yangu, marehemu Sikujua. Kwa hiyo yeye na Ismaily ni binamu, na kwetu binamu ni mtani wako. Atakutukana mbele ya wakwe zako, atakamata kuku wako achinje, ataondoka na kanga uliyoanika, na ukinuna watu watakushangaa wewe. Siku Warda anaolewa, Ismaily alikwenda kujilaza kwenye kitanda cha bibi harusi, na viatu vyake, akakataa kuondoka mpaka apewe sinia zima la pilau. Tukampa, tungefanyaje? Warda alikuwa anamwita Bichwa, naye anamwita Kizee. Tangu wadogo sijapata kuwasikia hao wawili wakisalimiana kama watu.

Gitaa Ismaily alijifunza kwa fundi redio mmoja pale Kibiti. Maneno akitunga Warda, na sauti ya Warda ndiyo iliyokuwa inawasimamisha watu. Walipopata mpiga besi na mpiga dramu, wakawa bendi. Si taarabu, si singeli. Vijana wanasema ni roki; mimi nasema ni makelele, ila makelele yenye maneno. Walipiga kwenye maharusi ya Kibiti, walipiga Nyamisati kwa watu wanaosubiri boti ya Mafia. "Huyu Bichwa anakwaruza nyuzi," Warda atasema kwenye kipaza sauti, "mimi ndiye mwenye akili." Watu hoi kwa kicheko.

Ukaja mwaka wa mafuriko. Kaka yangu alikuwa shambani, juu ya dungu lake, kile kibanda cha miti mirefu tunachokaa kulinda mpunga. Maji yakapanda, majirani wakamfuata, akagoma kushuka, anasema mpunga umeshachanua, nauachaje? Mpaka alipotolewa kwa mtumbwi, kifua kimembana, hapumui vizuri. Mwezi haukuisha tukamzika.

Warda akatunga wimbo wake akiwa shambani mwaka uliofuata, anaamia ndege wasile mpunga. Nilikuwa naye siku hiyo, nikausikia ukitoka kipande kipande. *Baba shuka, maji yamepanda. Baba shuka, mpunga tutalima mwingine.* Nililia mpaka ndege wakala wanavyotaka.

Ismaily akauwekea gitaa, na waliuimba mara moja tu, nyumbani, sisi wenyewe kwa wenyewe. Ulipokwisha, Warda akamgeukia akasema, "Ismaily, wimbo huu usiutoe nje. Huu ni wa baba."

Hakumwita Bichwa. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nachambua mchele, nikaliona hilo. Mwanangu hakuliona. Akaruka juu akasema, "Nautoa! Tena nautoa peke yangu, nakwenda kuishi Masaki, utanifanya nini Kizee wewe?" Warda akacheka, kicheko cha mdomoni tu, akaingia ndani.

Haukupita muda akatokea kijana mmoja wa Dar, anajiita meneja, miwani myeusi hata ndani ya nyumba. Alimsikia Ismaily kwenye harusi moja. Akamwambia bendi ni mzigo, watu wanataka jina moja na sura moja, na mwanamke mwenye mume na shamba hawezi kuzunguka naye mikoani. Ismaily akabeba gitaa lake akaenda. Hapo sina ugomvi, kijana mwenye kipaji aende akajaribu. Warda mwenyewe alimsindikiza stendi, akamtukana mpaka gari likaondoka.

Huko studio ndiko alikoharibu. Wakamwambia nyimbo zote nzuri, lakini hakuna unaochoma moyo. Naye akautoa ule. Meneja akasema baba haimlizi mtu, weka mama. Akaweka mama. Pale alipokuwa Warda anaitikia, akaitikia mwenyewe.

Nilimpigia simu siku ileile, wala sikumsubiri aniamkie. "Nimekufa lini, Ismaily?"

"Mama, ni sanaa tu."

"Sanaa ya kumzika mama yako! Na Warda umemwambia?"

"Aa, mama, Warda si binamu yangu? Atanitukana wee, yaishe."

Basi akakaa anayasubiri hayo matusi. Wimbo ukapigwa kila mahali, kwenye mabasi, kwenye vibanda vya chipsi, mpaka Mloka huko watu wanaucheza. Matusi hayakuja. Akamtumia Warda ujumbe wa utani, Kizee vipi, meno yamebaki mangapi? Kimya. Akatuma mwingine. Kimya.

Ndipo ikamwingia. Akawa akipanda jukwaani watu wanaudai ule ule, na akifika pale pa kuitikia sauti inamkauka. Mara ya mwisho aliwaachia mashabiki waimbe wenyewe, yeye akageukia spika akajifanya anatengeneza waya. Akarudi nyumbani bila kuniarifu, amekonda shingo kama ya kuku wa kienyeji. Nikampikia wali na kambamochi, wale kamba wa baharini, chakula alichokuwa anagombania tangu utotoni, akasukuma sahani.

"Mama, mimi mwizi," akasema.

"Kula kwanza."

"Alinikataza. Ile siku alikuwa hatanii, mama. Na mimi nilijua. Nilijua nikajifanya sijui, kwa sababu ni binamu, nikasema nitasingizia utani." Akaficha uso kwa mikono. "Nimemuuza mjomba wangu. Nasikia vibaya mpaka naona aibu kulala. Akinitukana tu, hata tusi moja, nitajua tumebaki vile vile."

Jamani, mtoto ni mtoto. Nilikuwa nimejiandaa kumpa maneno yake, yakaniishia mdomoni. Nikamwambia vaa shati, twende.

Njiani alinunua sukari, mafuta na doti ya kanga nzuri kabisa. Nikawaza, Warda akiziona atasema ndiyo hivi tu, bahili mkubwa wewe? Nilimwomba Mungu aseme hivyo.

Tulimkuta uani anapepeta mpunga. Alipotuona akaweka ungo chini, akajifunga kanga vizuri. "Shikamoo shangazi," akaniambia. Kisha akamgeukia mwanangu, akampa mkono. "Karibu, kaka Ismaily. Habari za Dar? Kazi zinakwendaje?"



Akamtolea kiti cha plastiki, akakifuta vumbi. Huyu ambaye siku zote akija anakaa juu ya kinu! Akatuletea chai kwenye vikombe vya wageni. Zawadi akazipokea kwa mikono miwili, anapiga goti kidogo. "Asante sana kaka, Mungu akuzidishie."

Ismaily akaweka kikombe chini. "Warda, nimekuja kwa ule wimbo. Nitaufuta. Nitasema redioni kwamba ni wako, ni wa mjomba."

"Usijisumbue. Watu wameshaupenda. Karibu chai, itapoa."

"Kizee, nakuomba."

Warda akapangusa mkeka ambao haukuwa na kitu. Mwanangu akashuka kwenye kiti kile, akapiga magoti chini kwenye makapi ya mpunga, mwanaume mzima na ndevu zake, machozi yanamtoka. "Basi nitukane. Nitukane uwezavyo, niite mwizi, nitukanie hata mama yangu huyu hapa, lakini usinifanyie hivi."

Nilimtazama Warda, moyo wangu unamwambia sema mwanangu, sema hata mbwa.

"Nikutukane kwa lipi, kaka?" akasema, taratibu, hana hata hasira. "Mimi nilikuwa namtukana binamu yangu."

Akamwinua kwa kumshika kiwiko, akamkung'uta makapi kwenye magoti, kisha akaokota ungo wake akaendelea kupepeta.