Nafasi ya Binti wa Jirani

Mtaani Kapsoya nilijulikana kama mwalimu wa kupima wanafunzi. Mzazi akitaka kujua mtoto wake ataitwa chuo gani, alinisimamisha njiani, akanitajia alama, nami nikakadiria. Mara nyingi nilipatia, kwa sababu vyuo vya hapa kwetu hufuata alama. Ndiyo maana jirani yangu mwenye duka, mama wa Kisomali aliyehamia Eldoret kutoka Garissa, alikuja kwangu jioni moja pamoja na bintiye.

"Mwalimu, dada yangu, huyu anataka chuo cha ng'ambo," alisema. "Wakikuchukua wanakulipia kila kitu. Niambie ukweli. Ako na nafasi?"

Binti alikuwa amemaliza kidato cha nne na kupata A karibu kila somo. Alinipa insha aliyotaka kutuma pamoja na maombi, nikaisoma. Niliwaambia nafasi ni ndogo sana. Wanaoomba chuo kama hicho wote wana A, kwa hivyo chuo chenyewe kinatafuta mtu, si alama.

"Kwani mimi si mtu?" binti aliuliza.

"Ni mtu. Lakini kwenye insha yako sijakuona."

Alikuwa ameeleza jinsi atakavyoondoa umaskini Afrika nzima. Nikamuuliza siku ya kawaida hufanya nini. Akasema hakuna kitu, anasaidia tu dukani.

Mama yake akacheka. "Hakuna kitu? Na wale wazee Wakalenjin wa Ainabkoi wakija, ni nani hunitafsiria?"

Kumbe binti alikuwa amejifunza Kikalenjin kwa kucheza na watoto wa jirani, na mteja mzee akiingia na maneno mengi, ni yeye aliyesimama katikati. Nikamwambia aandike hayo. Alinitazama kana kwamba nimempotezea wakati, lakini akaenda akaandika.

Chuo kikamwita kwa mahojiano ya video. Kwa kuwa mtandao wa kwao hukatika ovyo, tulikubaliana afanyie sebuleni kwangu. Siku hiyo nilifagia, nikafukuza kuku, kisha mimi na mama yake tukajificha jikoni, masikio mlangoni. Kiingereza cha binti kilikuwa kinateleza vizuri. Nikaanza kutulia.

Hapo mlango wa mbele ukafunguliwa. Alikuwa baba yangu, ametoka shambani na gunia la viazi begani, na hajawahi kubisha hodi kwangu maishani mwake. Nilimsikia akitua gunia, kisha akauliza kwa Kikalenjin yule mzungu kwenye kompyuta ni mgeni wa nani.

Binti alimweleza. Baba akasema basi asalimiwe. Binti akatafsiri salamu. Mzungu naye akataka kujua Mzee ni nani, na baba, ambaye hapendi kujibu kwa ufupi, akamweleza habari ya viazi, mvua iliyochelewa na barabara ya kutoka Ainabkoi. Binti aliyapitisha yote kwa Kiingereza bila kuruka kitu, na mzungu akauliza maswali juu ya mbegu.

"Huyo mzee ametumaliza," mama mtu alininong'oneza, amenishika mkono kwa kucha.

Nilitaka kutoka nikamvute baba, lakini nikaona nitaharibu zaidi.

Mwishowe mzungu aliuliza Mzee anamwonaje msichana huyu. Baba alifikiri kidogo.

"Simjui," alisema. "Nimefika sasa hivi. Lakini amenisogezea kiti kabla sijaomba."

Binti alitafsiri hayo pia, hata lile la "simjui". Nilisikia mzungu akicheka, na mahojiano yakaisha. Baba alipoambiwa amefanya nini, aliomba chai.

Jibu lilichukua muda, na binti hakutaka tulizungumzie. Kisha mchana mmoja aliingia dukani akamwonyesha mama yake simu: amekubaliwa. Nilikuwa pale nikinunua sabuni. Mama hakupiga vigelegele. Aliketi juu ya gunia la sukari, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akamwacha mteja amesimama na pesa mkononi.

"Mwalimu," alisema baadaye, "huko kuna baridi?"

"Sana."

"Kushinda Eldoret?"

"Eldoret hii wao wataiita joto."

Kisha akapanda kwenye stuli, akaanza kushusha sweta kutoka rafu ya juu, akizipima moja moja kwenye mabega ya bintiye, huku binti akilalamika kwamba zote ni za wanaume.