Human na Humane

Mwezi uliopita nilirudi Dilala, mtaa wetu wa migodini, kumzika nyanya yangu. Nilipopita nyuma ya kanisa nikakuta shule yetu haipo. Mgodi umekula mpaka uwanja wa mpira. Pale tulipokuwa tukiimba maneno ya Kiingereza pana shimo, na malori yanashuka humo yakizunguka kama siafu. Lakini rafiki, si jengo nililolililia. Nilimkumbuka mtoto wa kike wa jirani.

Tulikua ukuta kwa ukuta. Mama yake akipika sombe, majani ya muhogo, bakuli moja lilikuja kwetu. Nyanya akisonga bukari, ugali wetu, donge moja lilivuka kwenda kwao. Jumamosi tulifagia maktaba ya masista, nao wakatuacha tusome. Palikuwa na kamusi nene isiyo na jalada. Tulilala kifudifudi sakafuni tukichambua maneno kama watu wanaotafutana chawa.

Mwalimu wetu wa Kiingereza aliyapenda maneno kuliko watoto. Raha yake ilikuwa vivumishi vinavyofanana sura, vilivyotoka Kilatini. Continuous, alisema, ni ngurumo ya mashine za kiwandani, haina pumziko. Continual ni umeme wa Dilala: unakatika, unarudi, unakatika tena. Mpaka leo nawafundisha wanafunzi wangu hivyo hivyo. Ila alikuwa na sheria: anayejua anampiga kofi asiyejua, tena kwa nguvu, la sivyo fimbo inamgeukia yeye.

Siku ile aliandika ubaoni human na humane. La kwanza ni la kibinadamu, akasema, la pili ni la mwenye utu.

"Na mu Kilatini? Mama moya ao bamama babili?" Alitaka kujua kama yana shina moja au mawili.

Rafiki yangu akasimama. "Mama moya, Maître. Ni humanus. Ni kama sisi tunasema mutu na utu."

"Babili!"

Hakuketi. "Kamusi ya bamasista inasema moya. Tuliisoma na huyu." Akaninyooshea kidole.

Mwalimu akanigeukia, fimbo ikigonga mguu wa suruali yake. "Weye, wa kwanza wa darasa. Moya ao babili?"

Ukurasa ule niliujua. Niliujua mpaka doa la mafuta kando ya neno.

"Babili, Maître."

"Basi, fundisha mwenzako."

Nilimpiga. Kofi la kwanza halikumtosha mwalimu, akaamuru la pili. La tatu sikungoja kuambiwa. Hayo mawili naweza kumtwika mwalimu. Hilo la tatu ni langu.

Jioni rafiki yangu alileta bakuli la sombe kama kawaida, shavu limevimba.

"Nani alikupiga, mwana?" nyanya akauliza.

"Mwalimu, kambo," akamjibu, kwa jina tulilomwitia nyanya.

Aliweka bakuli chini, akaenda zake bila kunitazama. Nilikula. Ilikuwa tamu, na niliomba niongezwe.

Hakurudi shuleni. Mama yake alimpeleka machimboni Mutoshi kuosha mawe ya shaba, naye akawa anashinda majini mpaka kiunoni. Jumapili moja nilikwenda kumtafuta. Aliponiona akageuka, akaendelea kutikisa kichungio chake. Sikumwita. Nilijiambia nitakuja siku nyingine.

Safari hii, baada ya mazishi, nilikwenda kweli. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiosha naye alijipangusa mikono kwanza ndipo akanijibu. "Yule? Aliolewa huko Kisenge, mama. Alikufa wakati wa kuzaa. Ni miaka mingi sasa."

Mwalimu naye alikufa, bila kujua kwamba alikosea. Masista walihama, na kamusi sijui iliishia wapi. Nyanya nilimfukia bila kumwambia ni mkono wa nani uliovimbisha shavu lile.

Siku ya kuondoa matanga, mwenzetu mmoja wa darasa lile alinishika bega mbele ya watu. "Uyu njo alikuwa anajua Kingereza kutupita sisi bote," akasema, na watu wakaitikia kwa furaha.

Nilitabasamu, nikasema asante.