Ubao Uliokaa Ofisini kwa Mkuu

Mpaka leo nikisikia mtu anasema "mkubwa hakosei", nanyanyuka na kwenda zangu. Maneno hayo yalikuwa yamejaa kwenye kile kituo cha ufundi pale Mpanda kama nzi buchani, na mimi niliyavumilia kwa sababu ndiyo kazi niliyoipata. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nafundisha kompyuta, na kompyuta zenyewe zilikuwa mbili tu, mitumba ya wafadhili. Moja ilikaa darasani ikichapwa na kila mtu. Nyingine ilikaa ofisini kwa mkuu wa kituo, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na kazi yake kubwa ilikuwa kutoshikwa.

Wanafunzi walishachoka kuchapa barua za mfano. Nikasema tutengeneze mchezo wa drafti, watu wawili wacheze, kila mmoja kwenye kompyuta yake, waya upite tundu la ukutani. Na mimi ilikuwa mara yangu ya kwanza kuandika kitu cha namna hiyo. Nilidhani kazi itakuwa kuchora kete. Kumbe kazi ilikuwa kujibu swali moja: ubao ukae wapi?

Tulianza na njia rahisi. Kila kompyuta ilishika ubao wake, na kwenye waya tukawa tunatuma mwendo tu: kete hii imetoka hapa imekwenda pale. Sasa waya wetu ulikuwa wa kuungaunga. Mwendo mmoja ukipotea njiani, basi huku kete imeliwa, kule bado inatamba. Wachezaji wakawa wanagombana kupitia ukutani, kila mmoja akiapa kwa kioo chake, na wote walikuwa wanasema kweli.

Ndipo nikageukia njia ya pili. Kompyuta moja ndiyo ishike ubao na kuamua. Nyingine iwe inaomba: nataka kusogeza hapa, naruhusiwa? Ombi likipotea, unaomba tena. Ubao ni mmoja, ugomvi umekwisha. Nikaamua ubao ukae darasani, ambako watu wote wanauona.

Mkuu akasikia, akaniita. Alikuwa anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti, na akaendelea kuchokonoa muda wote tunaongea.

"Mwalimu, yaani kompyuta yangu iombe ruhusa kwa kompyuta ya wanafunzi? Wewe unaona imekaa vizuri hiyo?"

Nikamweleza kwamba hizi ni mashine tu, hazina cheo. Akacheka. Akasema ubao uhamie ofisini, la sivyo waya utolewe ukutani siku hiyohiyo. Walimu wenzangu nao wakanishukia, eti nakosa adabu, eti aliye juu mngoje chini. Watu wazima, wenye wake na watoto, wanatetea heshima ya kompyuta iliyovikwa kitambaa! Nikauhamishia ubao huko, nikiwa nimekasirika vibaya.

Baadaye wafadhili wakatoa nafasi moja ya kozi ya kompyuta Tabora, kila kitu wamelipa. Waliolingana alama za juu walikuwa wawili. Mmoja alikuwa binti wa kutoka makazi ya Katumba. Wazazi wake walikimbia Burundi, yeye kazaliwa hapahapa, lakini hata kutoka Katumba kuja mjini ilibidi awe na kibali. Baba yake alikuwa mkulima wa tumbaku, na alishamwambia kwamba akiikosa Tabora arudi shambani, mwaka unaofuata ni zamu ya mdogo wake kusoma. Mwingine alikuwa kijana, mtoto wa dada wa mkuu wa kituo.

Mkuu mwenyewe ndiye aliyesema wacheze drafti, mshindi aende. Akamweka mpwa wake ofisini, eti kuna utulivu, na binti akabaki darasani. Kesi ya nyani, hakimu ngedere. Nililisema hilo kwa sauti kwenye chumba cha walimu, na kila mtu akajifanya anatafuta chaki.

Drafti ya kwetu haichezwi kimya. Lazima wawepo watu wa pembeni wenye midomo, wa kumwambia anayeliwa kwamba aletewe maji ya kunywa. Siku ile darasa lilijaa, na waliokaa nyuma hawakuweza kuona kioo. Wakachora ubao kwa chaki juu ya dawati, wakapanga vizibo vya soda, na kila mwendo uliotajwa mbele nao wakausogeza.

Binti alicheza bila haraka. Akatoa kete mbili ziliwe, watu wakaguna, halafu akarudi akala tatu kwa mkupuo na kuingia kingi, ile kete kuu. Mwenzake alibakiwa na kete moja, na ilikuwa na njia moja tu ya kwenda, mdomoni mwa kingi. Tukasubiri mwendo wake. Haukuja. Mara ubao wote ukafutika kwenye kioo.

Mlango ukafunguliwa, mkuu akaingia.

"Jenereta limezimika kidogo," akasema. "Mchezo umepotea."

Jenereta lilikuwa linanguruma nyuma ya stoo, mpaka ilibidi apaze sauti ndiyo tumsikie akisema limezimika. Balbu ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake. Na darasa zima likaitikia, "Pole, mkuu." Mwalimu mmoja akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema ndiyo shida ya mitambo.

Binti akasimama, mikono nyuma, macho chini, kama alivyolelewa.

"Naomba kuuliza, mkuu. Limezimika la ofisini peke yake?"

Kituo kizima kilikuwa na jenereta moja. Hakuna aliyecheka. Mimi nikasema ubao haujapotea, huu hapa kwenye dawati, kijana aje amalizie. Mkuu akasogea, akaviangalia vile vizibo, akakiokota kile cha mpwa wake kwa vidole viwili kama mtu anayetoa mende kwenye mchuzi, akakidondosha sakafuni.

"Hivi ni vizibo tu. Ubao ulikuwa ofisini."

Akatangaza kwamba kwa kuwa ubao haupo, mshindi hayupo, na yeye kama mkuu anamteua kijana. Akaagiza apigiwe makofi. Wakapiga, jamani. Wale wale waliokuwa wanasogeza vizibo, wakapiga makofi wakiwa wamesimama. Mchana nilikuwa nimekula ugali na dagaa, na pale ilibidi niwameze wale dagaa mara ya pili.

Mkuu alipotoka, kijana akaingia. Nilijua amekuja kutucheka. Akainama, akaokota kile kizibo, akakirudisha kwenye mraba wake bila kuuliza ni upi. Akakaa. Akakisogeza mahali pekee palipobaki, na binti akakila.

"Umenifunga, dada," akasema, akampa mkono huku ameinamisha kichwa.

Jumatatu kijana huyohuyo akapanda treni kwenda Tabora.