Kete Nilizomgawia Jirani

Mimi nikishinda nasema, na nikianza kusema sinyamazi. Ndiyo maana pale sokoni Tunduma, ninapouza mitumba, wenzangu walikataa kucheza drafti nami. Aliyebaki ni jirani wa meza ya pili, muuza chumvi ya Ivuna. Kete zetu ni vizibo vya soda. Vyangu vinalala kifudifudi, vyake chali.

Jirani hajui drafti. Sheria ni kwamba kula ni lazima, lakini yeye hata asingelazimishwa angekula tu, hata mtego uwe wazi mchana kweupe. Nilikuwa namfunga mara tatu, nne kwa siku, namwita mwanafunzi wangu. Naye ananitukana kwa Kinamwanga, anapanga kete upya.

Halafu mume wake akafariki. Aliporudi sokoni baada ya matanga, nilikosa la kumwambia, mimi mwenye domo lote hili. Basi nikaamua kumwachia ashinde. Kwa kuwa kula ni lazima, sikuweza kujifanya sijaona; ilibidi nizipeleke kete zangu mwenyewe akazile. Kumbe kushindwa kwa makusudi ni kazi ngumu kuliko kushinda.

Alinifunga wiki tatu mfululizo. Nilingoja achangamke, lakini alizidi kupoa, mwisho akaacha kuja mezani kwangu. Alisema ana wateja wengi, nami namwona kakaa peke yake na chumvi yake. Nilichanganyikiwa. Nimemkosea nini, na kila siku nampa ushindi? Mara nikadhani amelishwa maneno, mara nikajiambia ni majonzi tu. Mwisho nikakasirika, kisha nikaona haya kumkasirikia mfiwa.

Asubuhi moja nikabeba ubao nikamfuata. Tukaanza, nikasogeza kete ya kuliwa kama nilivyozoea. Akaitazama, hakuigusa. Nikamkumbusha kwamba kula ni lazima.

"Jirani," akasema, "tangu nifiwe shemeji zangu hawabishani nami. Mchungaji habishani nami. Hata wateja hawaombi nipunguze bei. Na wewe unanigawia kete. Aliyezikwa ni mume wangu, si mimi."

Nikairudisha ile kete mahali pake, nikacheza ninavyojua. Sikumwonea huruma. Alipobakiwa na kizibo kimoja pembeni, ulimi ukaniponyoka kwa mazoea.

"Mwanafunzi wangu, utafuzu lini?"

Nikajiziba mdomo, nimechelewa. Akainama juu ya ubao, mabega yanatikisika, machozi yanaudondokea. Sikuelewa kama analia au anacheka, na mpaka leo sielewi. Nilinyoosha mkono nimshike, akausukuma. Akanitukana kwa Kinamwanga, tusi refu ambalo sikuwa nimelisikia tangu msiba, huku vidole vyake vinapanga vizibo upya, vyangu kifudifudi, vyake chali.