Mjomba Injinia na Swali la Magadi

Jirani yangu hapa Kitengela akichemsha maharagwe humwaga magadi kama mtu anayelambisha ng'ombe chumvi. Ule mvuke wa jivu na udongo ukipita dirishani kwangu namkumbuka mjomba Lekishon, na roho inachafuka. Maharagwe hayana makosa. Huyo mama anapika vizuri, ni vile tu anaweka nyanya mapema, lakini hiyo ni kesi yake na bwana yake.

Lekishon alikuwa ndugu mdogo wa mama yangu. Alikuja kwetu kutoka Kajiado na sanduku moja, akisema anangoja kuitwa chuo Nairobi asomee uinjinia wa kemikali. Wakati huo boma letu lilikuwa nyuma ya machimbo ya mawe, kabla ploti hazijameza malisho. Hakuna mtu kwetu alijua hiyo kazi ni nini, na ndiyo maana ilimpendeza. Mtu akisema ni mwalimu utamuuliza shule yake iko wapi. Injinia wa kemikali utamuuliza nini? Alikuwa na koti jeupe, la maabara eti, na akienda nalo soko la mifugo wazee walidhani ni daktari wa ng'ombe, wakamwomba awaangalilie mbuzi. Msomi wetu alifungua mbuzi mdomo, akachungulia, akatikisa kichwa polepole, akapewa chai.

Kazi ya mikono hakufanya. Alisema kemikali inataka vidole laini. Kwa hivyo mama alipojifungua, mimi nilitolewa darasa la tatu nimchotee huyo bwana maji ya kuoga, nimpashie moto, nimfulie na hilo koti. Ni muhula mmoja tu, waliniambia. Mjomba mwenyewe aliniahidi kwamba shule ikifunguliwa ataongea na baba.

Na hapo wacha niwaeleze kitu. Baba alikuwa amempa Lekishon ng'ombe dume siku za harusi yake na mama, na kwetu Wamaasai watu waliopeana ng'ombe dume huitana Pakiteng maisha yao yote. Pakiteng wako akikuomba jambo, unaona haya kumkatalia. Neno lake moja lingenirudisha darasani, na mimi nililijua hilo vile nilijua jina langu.

Sasa siku moja mama alikuwa anachomwa na tumbo, akatia magadi kidogo kwenye kikombe cha mala, yale maziwa yaliyochachuka. Maziwa yakafura povu, yakafanya sauti kama watu wananong'onezana. Nilifurahi mpaka nikakimbia nje nayo, kwa maana injinia si tulikuwa naye nyumbani? Alikuwa amekaa na wazee wawili wa jirani, anawaeleza mambo ya Nairobi. Nikamuuliza hiyo hewa inatoka kwa magadi ama kwa maziwa.

"Hiyo ni kemikali," akasema.

"Kemikali gani, mjomba?"

Wale wazee wakageuka wakamwangalia, si kwa ubaya, hata wao walitaka kujua. Akanituma kuni. Kuni zilikuwa zimejaa mpaka mlangoni.

Shule ilipofunguliwa nilivaa gauni langu la shule, ambalo sasa lilinibana kwapani, nikakaa karibu na mlango. Baba alikuja akaketi.

"Pakiteng, wewe ndiye unajua mambo ya masomo. Huyu mtoto arudi ama akae?"

Mjomba alikoroga chai ambayo sukari yake iliyeyuka zamani.

"Akae kwanza, Pakiteng. Maswali yake ni mengi, atachosha walimu bure."

Baba akasema sawa. Mama akaangalia sufuria. Halafu mjomba akaninyooshea kikombe nimwongeze maziwa, na nikamwongeza.

Sikurudi tena. Hizi herufi zingine nilijifunzia kanisani, kwa kitabu cha nyimbo. Naye chuo hakikumwita. Mtu waliyesoma naye Kajiado aliniambia tukiwa wazee kwamba kemia alianguka vibaya, na alikuja kwetu akiwa tayari anajua ameanguka. Lakini mpaka leo anaketi nje ya duka la dawa za mifugo, vijana wanamwamkua Injinia, na yeye anaitika bila aibu.

Miaka mingi nilidhani aliniuza kwa sababu ya maji ya kuoga, nikamdharau kama mvivu. Nilipopata wajukuu wanaouliza vile nilikuwa nauliza ndiyo nilielewa vizuri. Maji angechotewa na mtu yeyote. Lakini katika boma lile lote mimi tu ndiye nilikuwa karibu kujua kwamba hajui. Mwanaume mzima, na koti lake jeupe, aliogopa msichana wa darasa la tatu.