Mratibu Aliyegeuza Ukumbi Ili Wazee Wasikike

Saa tatu asubuhi, mwanamke mmoja ameketi peke yake safu ya mbele katika ukumbi wa mikutano wa wizara. Nyuma yake kuna viti mia nne vitupu. Masikio yake yote mawili ameyaziba kwa pamba, na mabega ameyakunja kama mtu aliyenyeshewa, maana kiyoyozi kinampuliza utosini.

Jukwaani, fundi wa sauti ameshika maiki na anasoma maandishi ya kitambaa kilichotundikwa ukutani: Mkutano wa Taifa wa Sera za Wazee. Anasoma tena, polepole. Mwanamke anatikisa kichwa. Fundi anashuka na kumwinamia.

"Mama, umepata nini?"

"Nimepata 'wazee'. Hayo mengine yamenipita juu, yameenda kuzungumza na ukuta wa nyuma."

Wengine hutia pamba masikioni ili wasiambiwe kitu. Mama Kumbi, kama anavyoitwa na kila mtu wizarani kuanzia madereva hadi wakubwa, ametia pamba ili ajue mtu wa miaka themanini husikia nini akiketishwa mahali hapa pa heshima. Zimebaki siku tisa mkutano ufunguliwe.

Yeye ni mratibu wa mikutano. Kazi hiyo ameifanya miaka mingi, lakini hakuingia wizarani kwa mlango wa ofisi. Aliingia kwa mlango wa jikoni, kibarua wa kugawa chai, mjane mwenye watoto wawili. "Mkono mmoja nimeshika birika, mkono wa pili nimeshika tama," anasema, na kicheko chake kinasikika hadi kwenye ngazi.

Siku hizi tama haishiki tena. Anaijua kazi yake na haoni haya kusema hivyo. "Nipe ukumbi wowote, nipe wageni wowote. Watakaa, watakula, watarudi kwao salama," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Mkutano uliopita wa wazee tu ndio ulionipiga chenga."

Mkutano huo ulifanyika miaka mitano iliyopita, katika ukumbi huu huu. Wazee sitini walialikwa kutoka kila upande wa nchi. Walipokelewa kwa taadhima, wakaketishwa safu za mbele kabisa chini ya jukwaa, kama ilivyo ada katika shughuli za serikali. Rasimu ya sera ikasomwa. Ndani yake mlikuwa na kifungu cha kuhamisha kliniki za wazee kutoka vituo vya mitaani kwenda hospitali kubwa. Mwenyekiti akauliza kama wazee wana hoja. Wakakaa kimya kama maji ya mtungi, na kumbukumbu zikaandikwa kwamba wazee wameridhia.

Mmoja wa wale sitini alikuwa shangazi yake Mama Kumbi, dada wa baba yake, aliyemlea tangu hajaanza shule. Jioni ile shangazi alifika nyumbani, hakuvua hata viatu, akaomba maji. Akanywa kikombe kizima, akaomba cha pili.

"Nikamuuliza, shangazi, kwani hamkupewa maji? Akasema, maji tulipewa, mwanangu, lakini choo kiko nyuma ya watu mia nne. Nani ajikongoje mbele ya waziri? Tukaona heri kiu."

"Na hoja ya kliniki, mbona mlinyamaza?"

"Kliniki gani?" shangazi akauliza.

Hapo ndipo Mama Kumbi alipoelewa kilichotokea. Spika kubwa zilisimama pembeni mwa jukwaa, zimeelekezwa nyuma, na sauti ikawaruka wazee wote wa mbele. Waliona midomo ya wakubwa ikicheza, wakapiga makofi wenzao walipopiga.

Shangazi sasa ana miaka themanini na mmoja. Dawa zake za shinikizo la damu alizokuwa akizifuata kwa miguu, kona ya pili kutoka nyumbani, siku hizi anazifuata kwa magari mawili, na kurudi ni alasiri. Ipo miezi ambayo anashindwa, anakaa bila dawa. Hata hivyo ulimi wake haujapungua makali.

"Mlituweka mbele kama maua ya mezani," humtania mpwa wake. "Nani kaliuliza ua swali?"

Sera ile inafikia ukomo mwaka huu. Mkutano ujao ndio utakaoamua kama kifungu cha kliniki kibaki miaka mitano mingine au kifutwe. Wazee wakinyamaza tena, kitabaki. Hilo ndilo linalomkosesha Mama Kumbi raha, na ndiyo sababu ya pamba.

Wazo lake la kwanza lilikuwa jepesi: wazee wakae nyuma, karibu na milango miwili ya ukumbi. Huko sauti inafika vizuri, kiyoyozi hakifiki, na vyoo viko hatua chache tu. Afisa itifaki, kijana asiyekunjika hata tai, alilikataa papo hapo.

"Mama, wazee nyuma? Watu watasema tumewadharau. Na kwenye picha je?"

Mkurugenzi wa idara aliwasikiliza wote wawili, akaamua wazee wachache waitwe waje wajionee wenyewe. Ratiba na mchoro wa viti vinatakiwa kwenda kuchapwa leo, kwa hiyo neno la mwisho litapatikana leo.

Saa nne wanaingia wazee kumi na wawili wa chama cha wazee, shangazi akiwa wa tatu na fimbo yake. Mama Kumbi anawaamkia mmoja mmoja, kisha anawaonyesha viti alivyowaandalia nyuma, kila kimoja na mto wa mgongo. Wazee wanavitazama. Wanavisifu. Halafu wanavipita, wanakwenda zao mbele.

Mama Kumbi anamkimbilia mmoja wao, dereva mstaafu wa malori.

"Baba, nimewaandalia hapa."

"Pazuri sana, mwanangu. Waweke wageni."

"Lakini kule mbele hamtasikia."

"Nimeendesha lori miaka thelathini," mzee anamjibu bila kusimama. "Nyuma hukaa mzigo."

Afisa itifaki anajikohoza ili asicheke. Mama Kumbi anaketi kwenye kimojawapo cha viti vyake vyenye mito, mikono mapajani. Alikuwa amewafikiria masikio, miguu, hata haja ndogo. Heshima yao alidhani wataiweka kando kwa sababu ya mto. "Liliniuma," anakiri baadaye. "Tena liliniuma kwa sababu walikuwa na haki."

Kutoka safu ya mbele shangazi anageuka, shingo nzima.

"We mtoto, umenuna?"

"Sijanuna, shangazi. Nafikiri."

"Unafikiri nini na sisi tumeshakaa? Kama huko mlangoni ni pazuri hivyo, basi mbele ihamie huko. Nani kasema lazima iwe hapa?"

Fundi wa sauti ndiye wa kwanza kumjibu. "Inawezekana," anasema. "Spika zina magurudumu."

Mama Kumbi ameshasimama. Anapanga yote kwa mpigo. Meza kuu itawekwa katikati ya milango miwili. Viti vyote vitageuzwa viitazame. Safu iliyokuwa ya mwisho itakuwa ya kwanza, wazee watakaa mbele kama wanavyostahili, na mlango wa chooni utakuwa ubavuni mwao.

"Na jukwaa?" afisa itifaki anauliza.

"Tutaweka mizigo."

"Waziri akae chini, mama?"

"Atakaa kwenye kiti, mwanangu. Kizuri."

"Na watakaochelewa? Wataingia uso kwa uso na meza kuu."

"Basi wasichelewe."

Wanageuza safu nne za majaribio. Mkurugenzi anavua koti na kubeba viti viwili viwili. "Uzee tunauendea sote," anasema huku akihema. Afisa itifaki anamtazama bosi wake akitoka jasho, kisha naye anakunja mikono ya shati.

Wazee wanahamia mbele mpya. Fundi anampa dereva mstaafu maiki, anamwomba ahesabu moja, mbili, ili apime sauti.

"Moja," anasema mzee, na sauti inajaa ukumbi mzima. Anaitazama maiki, inaonekana imempendeza. "Kliniki irudi mtaani. Mbili, yule daktari aache kuniambia ni uzee tu kabla hajanipima."

Maiki hairudi kwa fundi. Inakwenda kwa mama aliyekaa pembeni, mkunga mstaafu, ambaye hakubaliani na dereva. Anasema hospitali kubwa ina mashine ambazo kituo cha mtaani hakitazipata leo wala kesho. "Vipimo vibaki kule, mara moja kwa mwaka. Dawa ndizo ziletwe karibu." Shangazi anaidaka maiki kabla hajamaliza. Anasema kuhusu magari mawili, kuhusu benchi lisilo na mgongo, kuhusu miezi aliyokaa bila dawa. Hiyo miezi Mama Kumbi hakuwa akiijua yote. Anasikiliza akiwa amesimama, na machozi yanamtoka, na hayafichi.

Mkurugenzi, aliyekuja kutazama viti, ameketi. Anamwuliza mkunga swali, mkunga anamjibu, dereva anapinga, wanabishana mpaka fundi anakumbuka kuzima kiyoyozi ili wasikike vizuri. Koti la mkurugenzi bado liko sakafuni.

"Hili la dawa na vipimo, mbona halikusemwa miaka yote hii?" anauliza hatimaye.

"Tumeulizwa leo," shangazi anasema.

Ukumbi utageuzwa. Mkurugenzi ameidhinisha, na mchoro mpya ameuchora afisa itifaki mwenyewe, kwa rula, na njia ya wenye fimbo ameipanua kuliko alivyoombwa. Saa saba na nusu anausogeza mbele ya Mama Kumbi pamoja na ratiba, avipitie kwa mara ya mwisho kabla ya kwenda kuchapwa.

"Mama, hapa kwenye kikao cha wazee umeweka saa ya kuanza tu. Ya kumaliza umesahau."

"Sikusahau."

"Na chakula cha mchana?"

"Nimeshaongea na mpishi," anasema Mama Kumbi, akimrudishia karatasi. "Nimemwambia asiwe na haraka. Siku hiyo naomba Mungu chakula kipoe."